Sakafu Isiyopata Moto ya Darakgol

Darakgol, 12 Novemba 2012

Mwanangu Hae-won,

Hujambo huko Incheon, na kifua chako hakijambo? Mimi mzima, ukiondoa goti la kushoto ambalo siku hizi linajua habari za theluji kabla ya redio. Kabichi za kimchi nimeshazitia chumvi, vichwa arobaini, na pilipili tulipondea kwa Mama Bonghwa. Alinisema kutwa nzima kwamba natia vitunguu saumu kama nalisha jeshi. Ndoo yako ipo, niambie siku ya kuituma kwa basi. Mbwa amezeeka, hambwekei hata mtu wa posta. Anamwangalia tu.

Usinipigie simu. Niliona Jumapili jina lako likiwaka, lakini sikio hili lililobaki linasikia mlio tu, maneno hayaingii. Andika. Sikujifunza kusoma nikiwa na miaka sabini na moja ili niishie kusoma ankara za umeme na matangazo ya dawa.

Sasa jambo lenyewe. Kiangazi kilichopita kata ilileta mafundi Nyumba ya Wazee, pale tunaposhinda mchana. Waling'oa mawe yote ya sakafu, yale ambayo moto wa jikoni ulikuwa ukipita chini yake tangu baba mkwe wangu yu hai. Wakamwaga zege, wakatandika makaratasi meusi ya umeme ya kupasha joto, juu yake zulia la plastiki la rangi ya mbao. Tulipiga makofi. Mimi sikuyalilia mawe, usinidhanie hivyo. Nani atalilia kupasua kuni akiwa na miaka sabini na sita?

Basi baridi imeingia na sakafu haipati moto. Karibu na mlango pana joto la kiasi, kama pahali palipolaliwa na paka akaondoka. Kwingine kote ni barafu. Tunacheza karata tumekalia mito miwili miwili. Darasa la kusoma la Jumanne limesimama, kalamu hazishikiki. Mama Bonghwa anasema makalio yake yamekufa ganzi, akifa kweli hayo ndiyo yatakayochelewa kupata habari.

Nilimwita Gwak, karani wa kata. Akaja, akasimama mbele ya kile kisanduku cha ukutani kinachoonyesha joto, akanisomea kwa sauti kubwa: "Bibi, imeandikwa thelathini na mbili."

Nikamwambia, "Mimi sikalii ukuta, bwana Gwak. Nakalia sakafu."

Akacheka, akaondoka na koti lake hajalivua.

Wewe ndiyo kazi yako hiyo. Nieleze, sakafu ya umeme iliyo nzima inatakiwa iweje? Mlangoni wamebandika karatasi ya ukaguzi yenye mhuri. Nimeisoma yote mpaka chini.

Shangazi yako,
Jeom-sun


Incheon, 29 Novemba 2012

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mwezi huu kazi zimetukalia shingoni, kila mtu anataka sakafu yake iwake kabla ya Desemba. Kifua ni kizima. Ndoo nitumie Jumamosi yoyote. Nimekula kimchi ya dukani wiki nzima na ulimi wangu umenidharau.

Kuhusu sakafu. Sakafu ya umeme si kama ya mawe. Mawe yanachukua moto asubuhi yanautoa mpaka kesho yake, na karibu na jiko panaunguza wakati pembeni ni pa kutetemekea. Ya umeme inatakiwa iwe sawa kila mahali, mkono ukiuweka hapa na kule usione tofauti. Ukiiwasha, baada ya saa moja uhisi uvuguvugu, baada ya saa mbili uvue soksi.

Lakini kuna mambo ya kuangalia. Msiizime mkitoka, ishusheni tu. Fungeni mlango, Mama Bonghwa ana tabia ya kuuacha wazi. Msitandike magodoro mazito, yanazuia joto kupanda. Zege jipya nalo hukaa na unyevu miezi kadhaa, na unyevu unakula joto. Jaribuni wiki mbili hivi kwa utaratibu huo.

Kampuni zinazofanya kazi hizi ni nyingi, Shangazi, kila moja ina mtindo wake. Sidhani kama kuna haja ya kugombana na kata. Gwak si mtu mbaya.

Jikinge na baridi. Vaa ile sweta ya kahawia.

Hae-won


Darakgol, 14 Desemba 2012

Mwanangu Hae-won,

Ndoo imefika? Ukikuta chumvi imezidi, ongeza figili. Huku theluji imefika dirishani. Mtu wa posta alikuja kwa miguu kutoka barabara kuu na nimempa supu ya ngano nyeusi. Nadhani ndiyo sababu barua zangu zinaondoka haraka kuliko za watu wengine.

Tumefanya yote uliyosema. Hatukuizima. Mlango ulifungwa mpaka Mama Bonghwa akalalamika anakosa pumzi. Magodoro tuliyatoa. Wiki mbili kamili, na sakafu ile ile.

Tarehe sita Mama Yeongwol aliondolewa kwa gari la wagonjwa. Wewe unamjua, nyumba yake haina hata chumba kimoja kisichopitisha upepo. Mchana kutwa hukaa Nyumba ya Wazee kwa sababu hana pengine pa kukaa. Alianza kukohoa, akawa anasema ni vumbi. Mapafu yamejaa maji. Yupo hospitali ya wilaya, haruhusiwi wageni, nami nimekaa na pochi yake mkononi kwa sababu aliidondosha wakati wanambeba.

Baada ya hapo nikaacha kuomba.

Nilichemsha soya, kilo sita. Nikazigawa kwenye vikapu sita, kila kimoja na majani yake ya mpunga, nikavifunika kwa mablanketi, nikaviweka sehemu sita za sakafu ili zivundike. Soya haidanganyi. Ikipata joto siku tatu, inatoa utelezi wa nyuzi ukiinua kijiko. Isipopata, inachacha tu na kuoza. Nikaandika kwenye karatasi kila kikapu kilipokaa, kwa mkono wangu mwenyewe: mlango kushoto, mlango kulia, dirisha la kwanza, dirisha la pili, kabati, ukuta wa kaskazini.

Siku ya tatu tulifunua. Viwili vya mlangoni vilikuwa na nyuzi ndefu kama uzi wa kushonea. Vinne vilivyobaki vimeoza, vinanuka kama soksi za maiti.

Tukavipakia vyote sita kwenye trekta la mwenyekiti wa kijiji, tukaenda ofisi ya kata, wanawake saba. Nikavipanga juu ya meza ya Gwak kama vilivyokaa sakafuni, mlango upande wake, ukuta wa kaskazini upande wangu. Watu waliokuja kuchukua vyeti walitoka nje.

"Bibi, hiki ni nini?"

"Ni ukaguzi," nikamwambia. "Wako ulisoma ukuta. Wangu umesoma sakafu. Chukua kijiko uhakikishe."

Hakuchukua kijiko. Alisema kampuni ilileta karatasi za ukaguzi zilizotiwa sahihi na fundi aliyesomea, na yeye hana uwezo wa kubishana na fundi. Mama Bonghwa akamwuliza kama ana uwezo wa kubishana na mapafu ya Mama Yeongwol. Akasema ataandika barua kwa kampuni. Tukamwachia vikapu ili asisahau.

Sasa nakuuliza tena, Hae-won. Umesema kampuni ni nyingi. Sikukuuliza ziko ngapi.

Shangazi


Darakgol, 8 Januari 2013

Hae-won,

Siku ishirini na tano hujaniandikia. Mtu wa posta amekuja mara nane, amekula supu mara nane.

Mama Yeongwol ametoka hospitali. Amekonda na kifua kinapiga filimbi. Nilimrudishia pochi yake.

Nilikuambia kwenye barua ya kwanza kwamba karatasi ya mlangoni nimeisoma mpaka chini. Chini pameandikwa: nimekagua kwa macho na kwa kipimo, kazi ni kamili, tarehe ishirini na nne Agosti. Halafu jina. Jina la Pyo Hae-won nilikuwa naliandika kila Jumanne mwaka mzima, ndilo nililojifunzia. Kabla ya langu mwenyewe. Unadhani sitalijua?

Tarehe ishirini na nne Agosti nilikuwa Nyumba ya Wazee kuanzia asubuhi hadi jioni, tunamenya mahindi. Hukuja. Ungekuja ungekula mahindi.

Nilingoja useme wewe mwenyewe. Goti linaniuma na sina umri wa kungoja sana.

Jeom-sun


Incheon, 15 Januari 2013

Shikamoo Shangazi,

Sina salamu ndefu, naona aibu kuuliza habari za mbwa.

Sikuja. Nilitia sahihi karatasi hiyo nikiwa mezani kwangu, mimi na kikombe cha kahawa. Meneja wangu, Seok, aliniletea bahasha moja yenye karatasi kumi na mbili. Zote ni nyumba za wazee za milimani, zote kiangazi kile kimoja. Aliniambia barabara ni mbovu, mafundi wetu ni wale wale, na mimi ndiye pekee ofisini mwenye cheti cha ukaguzi. Niliona jina la Darakgol. Nilisimamisha kalamu. Kisha nikafikiri, kazi ya kwetu itakuwa imefanywa vizuri, nani angeharibu kwetu. Nikatia. Sijui niliwezaje kufikiri hivyo, kana kwamba mafundi wanajua kwetu ni wapi.

Barua yako ya kwanza ilipokuja nilikwenda stoo. Orodha za mizigo ya Agosti zipo. Makaratasi meusi yalitoka, nyaya zilitoka. Sponji ngumu ya kutandika chini, ile inayozuia joto lisizame kwenye zege, haikutoka hata kipande, kwa nyumba zote kumi na mbili. Nilijua hayo tangu Novemba. Nikakuandikia habari za kufunga mlango.

Kuhusu Mama Yeongwol sina la kuandika ambalo halitakuwa dogo.

Seok amepata barua ya kata. Anakuja huko tarehe ishirini na tano kukutana na Gwak. Atasema mmevuta mitungi ya kimchi juu ya sakafu mkakata nyaya. Amenitaka niandike ripoti ya kusema hivyo hivyo. Sijaiandika na sitaiandika. Ningekuja mwenyewe lakini siku hiyo amenipanga kazi kisiwani Jeju, tiketi imeshakatwa, anajua anachofanya. Nikikataa safari atajua, ataihamisha orodha halisi ya mizigo kabla sijaitoa. Kwa sasa nimeinakili tu. Nakala ipo ndani ya bahasha hii.

Msimngoje aseme kwanza. Ifungueni sakafu mbele yake. Fanya hivi:

Zima swichi kuu kwenye boksi lililo nyuma ya mlango. Si kisanduku cha ukutani, ni swichi kuu. Taa zikizimika zote ndipo uendelee. Usiruhusu mtu mwingine yeyote aiguse.

Nenda ukuta wa kaskazini. Kata zulia la plastiki kufuata ukuta, mkono mmoja kutoka pembeni, kwa kisu kifupi, usizamishe ncha. Likunje kuelekea katikati.

Utaona karatasi nyeusi zenye mistari. Iinue moja. Chini yake panatakiwa pawe na tabaka la fedha linalong'aa na sponji ngumu yenye unene wa kidole gumba. Ukiona zege, basi hapo pana ushahidi, hakuna mitungi inayoweza kula sponji.

Kisha angalia ncha ya kila karatasi. Panatakiwa pawe na waya mbili zimebanwa. Soya zako zinaniambia ni karatasi za mlangoni tu ndizo zilizounganishwa. Na pale pale mlangoni ndipo walipozika kipimo cha kisanduku, ndiyo maana ukuta unasema thelathini na mbili.

Barua hii isome kwa sauti mbele yao wote. Usiruke sehemu yangu. Nakuomba, Shangazi, usiiruke kwa ajili ya kunihurumia. Isome mbele ya Mama Yeongwol.

Hae-won


Darakgol, 27 Januari 2013

Mwanangu,

Mbwa hajambo. Uliona aibu kuuliza, nakujibu hata hivyo.

Walikuja saa nne asubuhi. Seok wako ana gari jeusi, na viatu vyembamba. Alivivua mlangoni kama watu wote, akaingia na soksi za hariri. Nikamkaribisha upande wa kaskazini. Tulikuwa kumi na moja, tumekaa ukuta kwa ukuta, Mama Yeongwol katikati na blanketi mabegani. Seok alianza kuongea kwa heshima nyingi, mama zangu huku, mama zangu kule, na huku anabadilisha miguu kama kuku anayekanyaga theluji. Mama Bonghwa akamwambia, "Baba, mbona huketi? Sakafu ni ya moto, kampuni yako imeandika." Gwak akatazama dirishani.

Ikafika habari ya mitungi, kama ulivyosema, neno kwa neno. Akasema wazee hupenda kuvuta vitu vizito. Akasema kampuni kwa wema wake italeta mablanketi ya umeme.

Nikasimama. Nikatoa barua yako. Nikaisoma kwa sauti, na unajua mimi siisikii sauti yangu vizuri, kwa hiyo nadhani ilisikika mpaka barabarani. Nilisoma taratibu. Ile herufi yako ya nne katika neno "orodha" uliiandika vibaya, nikakwama hapo, mwenyekiti wa kijiji akataka kunisaidia, nikamkatalia.

Nilipofika kwenye kikombe cha kahawa, nikatazama mstari unaofuata. Ningeweza kuruka, Hae-won. Hakuna ambaye angejua, macho yao yalikuwa kwangu, si kwenye karatasi. Nikasoma. Nikasoma jina lako.

Mama Yeongwol akainua mkono. "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Huyo ni Hae-won wetu? Aliyekuwa akija kwangu kula viazi vya kuchoma?"

"Ndiye."

Akageuza uso, akavuta blanketi.

Seok akaanza kusema barua ya mtumishi mmoja mwenye kinyongo si ushahidi. Mimi nikaenda nyuma ya mlango nikazima swichi kuu. Taa zikazimika, friji ikanyamaza. Nikatoa kisu changu cha kumenyea figili.

Gwak akaja mbio. "Bibi, hapana. Hii ni mali ya umma. Ukiikata ni kosa, nitalazimika kuandika."

"Umma ni nani?" nikamwuliza. "Onyesha kwa kidole, ni yupi hapa asiye umma?"

"Bibi Pyo, nakuomba."

"Andika, bwana Gwak. Jina langu Pyo Jeom-sun. Nitakutajia herufi kama huzijui."

Nikapiga magoti, hilo la kushoto likapiga kelele, nikakata. Plastiki ile ni laini, inakatika kama ngozi ya boga lililochemshwa. Mama Bonghwa na wengine wawili wakashika, tukakunja. Karatasi nyeusi hizo hapo. Nikainua ya kwanza.

Zege, mwanangu. Zege tupu, na maji juu yake, matone, kama ukuta wa kisima. Nikainua ya pili na ya tatu. Ncha zake zimefungwa utepe mweusi, hakuna waya. Katika karatasi kumi na nne, nne ndizo zilizounganishwa, zote za mlangoni.

Gwak alichuchumaa. Akaweka kiganja juu ya zege, akakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Mama yake ana umri wangu, yupo kijiji cha chini. Alipoinuka hakuniangalia mimi, alimwangalia Seok. "Mitungi iko wapi?" akamwuliza. "Nionyeshe mahali mtungi ulipopita."

Seok akavaa viatu vyake. Gwak amepiga picha na ameandika kila kitu, hata kosa langu la kukata mali ya umma ameliandika. Nikamwambia vizuri, liweke mwanzoni.

Umeandika nyumba kumi na mbili. Sisi ni moja. Nimezihesabu kwa vidole jana nikipika, na bado nazihesabu.

Shangazi yako


Incheon, 20 Februari 2013

Shikamoo Shangazi,

Sikuja Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi. Nilipika supu ya vipande vya unga wa mchele peke yangu, ikashika chini. Nilikuwa nimekata tiketi ya basi, nikafika stendi, nikarudi. Sikuweza kufikiri nipite vipi mbele ya nyumba ya Mama Yeongwol na kikapu cha matunda mkononi.

Seok aliniita siku niliyorudi Jeju. Alikuwa na karatasi tayari, ya kusema nilifika Darakgol tarehe ishirini na nne Agosti na kwamba barua niliyokuandikia niliiandika nikiwa mgonjwa. Akaniwekea kalamu. "Sahihi moja tu, Hae-won, umeshatia nyingi kuliko hii." Alitaka kunifedhehesha na alifaulu, lakini hakupata sahihi. Nilimwambia, "Ndiyo maana nimemaliza." Alasiri hiyo nilifungasha vitu vyangu.

Wanasema watanishtaki kwa kutoa nyaraka za kampuni. Na cheti changu cha ukaguzi nitanyang'anywa, hilo nalijua, ni haki. Basi waje. Sina tena kazi ya kuogopea.

Tangu hapo nakaa chumbani. Nimelala sana.

Hae-won


Darakgol, 9 Machi 2013

Hae-won,

Nimeiona barua yako. Mbwa mzima, theluji inayeyuka, njia ya kwetu ni tope tupu, na Mama Bonghwa ameanguka humo mbele ya mwenyekiti na kumlaumu mwenyekiti.

Wilaya imeleta mafundi wengine. Safari hii tulivuta viti tukakaa mlangoni siku zote nne, tukatazama kila kipande cha sponji kikiingia. Fundi mkuu aliuliza kama hatuna kazi nyumbani. Tukamwambia hii ndiyo kazi. Sakafu imewashwa juzi. Baada ya saa moja ilikuwa vuguvugu, baada ya saa mbili nilivua soksi. Nilitembea pembe zote nne bila kitu miguuni, na tofauti sikuiona. Umeme umenishinda, nakubali. Mawe yalikuwa hayawezi hivyo. Darasa la Jumanne limeanza tena.

Mama Yeongwol anakaa ukuta wa kaskazini, amepachagua mwenyewe. Anakohoa bado. Nilimwambia umeacha kazi. Akasema, "Aha." Sikumbembeleza. Mimi nimekusamehe, nimekulea, nina haki hiyo. Msamaha wake yeye ni wake, siushiki mimi mkononi, na usiniombe nikuombee.

Sasa nisikilize. Umelala sana? Lala ukishakuwa na miaka yangu. Bado zipo nyumba kumi na moja ambazo jina lako limebandikwa mlangoni, na ndani yake kuna watu wamekalia zege. Gwak anasema wilaya nyingine hazitaki kusikia, kila ofisi inasema kwake ukuta unasoma vizuri. Hawana soya huko? Pengine hawana mtu wa kuwaambia waivundike. Cheti watakunyang'anya, mikono je? Kisu unacho. Nguo zako za baridi nimezituma kwa basi la leo. Usije kwangu kwanza. Kwangu kazi imekwisha.

Jeom-sun


Sutgogae, 24 Machi 2013

Shikamoo Shangazi,

Nguo nilizipata, na figili kavu uliyoficha kwenye mfuko wa koti nimeila njiani. Huku milima ya kusini bado kuna barafu kwenye mitaro. Nalala nyumba ya wageni ya mama mmoja anayenilisha viazi kana kwamba ananiuza kwa uzito.

Sutgogae ni nyumba ya nne kati ya zile kumi na moja. Ya kwanza walinisikiliza na wakafungua siku hiyo hiyo. Ya pili mwenyekiti aliita polisi. Polisi alipovua viatu na kukanyaga sakafu alivivaa tena, akaandika maelezo yangu, akaniachia. Ya tatu walinifukuza, nitarudi Jumatano. Habari ya barua ya mahakama imenifikia kwa simu ya mwenye nyumba wangu. Nimemwambia aiweke mezani.

Leo asubuhi niliingia hapa. Wazee tisa, makoti mwilini, soksi mbili mbili. Siku hizi sianzi na habari za umeme. Naenda kwenye karatasi ya mlangoni, naweka kidole kwenye jina, nasema, "Huyu ni mimi. Nilitia sahihi bila kufika. Nimefika sasa."

Mzee anayeshika funguo aliniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni. Mke wake alifariki Januari, niliambiwa baadaye. Akasema, "Toka."

Sikutoka. Nilikaa chini, hapo hapo upande wa kaskazini, nikaweka kisu sakafuni mbele yangu na mikono magotini. Baridi ilinipanda kwenye mifupa ya kiuno, Shangazi, nikajua kwa mara ya kwanza ulichokuwa ukiniandikia. Akasema tena nitoke. Nikamwambia nitatoka nikishaifungua, na akitaka kunibeba anibebe, lakini nitarudi kesho na keshokutwa. Tulikaa hivyo karibu saa nzima.

Kisha nikasema, "Babu, kabla sijakata, swichi kuu lazima izimwe. Sitaki mtu aumie."

Akainuka. Halafu akaenda nyuma ya mlango, mwenyewe, akaizima.

Hae-won